Kumwuguza Mtoto Mwenye Ugonjwa Mzito

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima ya Utete, Ikwiriri, Mohoro na Kibiti

Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mwanafunzi ana karatasi ya somo mbele yake. Akina mama wenye watoto mgongoni, kaeni karibu na mlango mkipenda. Mtoto akilia hatutaudhika, maana somo la leo lahusu watoto.

Tumezoea kudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini ziko habari nyingine zilizowagusa watu wengi zaidi ya vita. Moja ni hii: mtoto akipatwa na ugonjwa mzito, ugonjwa wa miezi au miaka, na pengine usioponyeka, watu hufanya nini? Zamani walifanya nini? Leo hufanya nini? Na mambo hayo yanamfaa nini mtoto mwenyewe na jamaa yake?

1. Maneno matatu

Tuanze na lugha yetu. Tuna maneno matatu ambayo watu huyachanganya: kutibu, kuponya na kuuguza. Kutibu ni kumpa mgonjwa dawa au kumpasua ili ugonjwa uondoke. Kuponya ni ugonjwa kwisha. Kuuguza ni kumtunza mgonjwa siku zote anapougua: kumlisha, kumgeuza kitandani, kumwosha, kukaa naye usiku, kumtuliza akiogopa.

Yawezekana mtu atibiwe asipone. Yawezekana mwingine apone bila kutibiwa, kama mtu wa mafua. Lakini hapana mgonjwa asiyehitaji kuuguzwa. Wazee wetu wa bonde la Rufiji hawakuwa na dawa nyingi za kuponya, ila walijua kwamba mgonjwa haachwi peke yake. Jirani alileta uji, shangazi akaja kulala, bibi akawachukua watoto wengine kwake.

Hospitali za kisasa zilipokuja zilileta nguvu kubwa ya kutibu. Magonjwa yaliyokuwa yakiua yakaanza kupona. Hilo ni jambo kubwa, tulishukuru. Lakini palipokuwa na ugonjwa usioponyeka, mara nyingi mgonjwa na jamaa zake waliambiwa neno moja: "Hatuna la kufanya tena, mrudisheni nyumbani." Wakarudi nyumbani na maumivu yao, bila dawa na bila maelezo. Historia yetu ya leo ni habari ya watu waliolikataa neno hilo.

Kazi waliyoianzisha huitwa tiba shufaa katika hospitali zetu. Neno shufaa si geni kwetu pwani. Maana yake ni uombezi, yaani kusimama upande wa mtu mwenye shida na kumsemea. Ndivyo ilivyo tiba hiyo. Daktari, mwuguzi na wenzao husimama upande wa mgonjwa na jamaa yake, ugonjwa upone au usipone.

2. Bibi aliyesikiliza

Twende kwanza Uingereza. Cicely Saunders alizaliwa mwaka 1918. Alianza kazi kama mwuguzi, kisha akawa mtumishi wa ustawi wa jamii. Mwaka 1948 alimtunza mkimbizi mmoja kutoka Poland aliyekuwa akifa kwa saratani katika hospitali ya London, bila ndugu karibu. Walizungumza sana juu ya mahali ambapo mtu kama yeye angeweza kumaliza siku zake kwa utulivu. Alipokufa alimwachia paundi 500 ili zianze kazi hiyo. Saunders akarudi shuleni akiwa mtu mzima, akajifunza udaktari. Ninyi mnaosoma usiku baada ya kazi za mchana, mnajua uzito wa jambo hilo.

Alipokuwa daktari aliona kosa moja kubwa. Wagonjwa walipewa dawa ya maumivu baada ya kulia kwa uchungu. Dawa ilipokwisha nguvu, walingoja tena mpaka walie. Yeye alifundisha kwamba dawa itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Mtu anayejua kwamba maumivu hayatarudi huweza kulala, kula na kuzungumza na watu wake.

Alifundisha pia kwamba maumivu ni ya namna nne. Ya kwanza ni ya mwili. Ya pili ni ya moyo, yaani hofu na huzuni. Ya tatu ni ya maisha ya jamaa, kama vile fedha, kazi na ugomvi. Ya nne ni ya roho: mtu anapouliza, "Mungu, kwa nini mimi?" Ukitibu moja na kuacha tatu, mgonjwa bado anaumwa. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya wagonjwa iitwayo St Christopher's Hospice huko London, na watu wa nchi nyingi wakaenda kujifunza hapo.

3. Jinsi mtoto alivyosahauliwa

Hata hivyo kazi hiyo ilikuwa ya watu wazima hasa. Mtoto alisahauliwa. Tena kwa miaka mingi madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama mtu mzima. Watoto wachanga walipasuliwa wakiwa wamepewa dawa kidogo sana ya kuzuia maumivu. Mama yeyote wa Utete angeweza kuwaambia kwamba si kweli, lakini hakuna aliyemwuliza. Mnamo mwaka 1987 Daktari K. J. S. Anand na mwenzake walichapisha ushahidi kwamba mtoto mchanga husikia maumivu, na kwamba maumivu hayo huudhuru mwili wake. Baada ya hapo desturi hiyo ikaanza kuachwa.

Kabla ya hapo, mwaka 1978, mtawa mmoja wa Kianglikana wa Oxford, Sister Frances Dominica, ambaye pia alikuwa mwuguzi wa watoto, alifanya urafiki na wazazi wa mtoto wa kike mgonjwa sana. Wazazi hao walimtunza mtoto wao nyumbani usiku na mchana, nao walikuwa wamechoka. Basi mtawa huyo akawa anamchukua mtoto kwa siku chache, wazazi wapate kulala, kisha anamrudisha. Kutokana na msaada huo mdogo ilizaliwa nyumba ya kwanza duniani ya tiba shufaa ya watoto. Ilifunguliwa Oxford mwaka 1982, ikapewa jina la mtoto yule: Helen House. Ilikuwa na nafasi ya watoto 8 tu.

Angalieni jinsi nyumba hiyo ilivyoanza. Haikuanza kwa mashine wala kwa dawa mpya. Ilianza mtu alipoona kwamba mtoto akiugua, wazazi nao huumia, na kwamba kumpumzisha mama ni sehemu ya kumtunza mtoto.

Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilieleza tiba shufaa ya watoto ni nini. Ni kutunza mwili, akili na roho ya mtoto, pamoja na kuisaidia jamaa yake. Tena huanza siku ile ugonjwa unapotambuliwa, na huendelea hata kama mtoto bado anapewa dawa za kumponya. Tulishike sana jambo hili la mwisho. Mtoto aweza kupata tiba shufaa na matibabu ya saratani pamoja, katika hospitali moja, siku moja.

4. Habari za jirani zetu wa Uganda

Sasa turudi Afrika ya Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya. Baadaye kidogo akamwona mwingine wa namna hiyo hiyo. Akaanza kuuliza. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kutoka Kampala kwenda kusini, kiasi cha kilometa 16,000, wakapita Tanganyika pia, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewaona watoto wenye uvimbe ule. Wakagundua kwamba ugonjwa huo ni wa nchi za chini zenye joto na mvua, nchi za malaria. Bonde letu la Rufiji ni nchi ya namna hiyo.

Ugonjwa huo ni saratani, na leo huitwa kwa jina la Burkitt. Jambo la furaha ni kwamba dawa ziliuweza. Tangu miaka ya 1960 baadhi ya watoto walipona kabisa. Kwa hiyo mzazi akisikia neno saratani asidhani kwamba amesikia neno kifo. Lakini ili mtoto apone sharti afikishwe mapema na amalize dawa zote, na ili amalize dawa sharti mtu amwondolee maumivu na amsaidie mama yake kukaa naye hospitalini. Hapo kutibu na kuuguza hukutana.

Nyumba ya kwanza ya tiba shufaa katika Afrika ilianzishwa Harare, Zimbabwe, mwaka 1979. Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka 1990, na daktari mmoja aliyefanya kazi huko ni Anne Merriman, mwanamke Mwingereza. Mwaka 1993 alikwenda Kampala kuanzisha Hospice Africa Uganda. Walikuwa watu watatu, wenye fedha za kutosha miezi mitatu tu.

Dawa yake kubwa ilikuwa mofini ya maji. Mofini ni dawa ya maumivu makali iliyotolewa mara ya kwanza katika utomvu wa afyuni na mtaalamu wa dawa wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, mwanzoni mwa miaka ya 1800. Ni dawa ya zamani, wala si ghali. Katika Uganda unga wake ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi, ukawekwa katika chupa. Mgonjwa huinywa kwa mdomo nyumbani kwake, hana haja ya sindano. Hata mtoto mdogo aweza kupewa kwa kipimo alichoandikiwa.

Lakini palikuwa na kizuizi. Sheria ilisema mofini iandikwe na daktari, na madaktari walikuwa wachache, wengi wao mjini. Wagonjwa walikuwa vijijini. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu wasaidizi waliopata mafunzo maalum kuiandika dawa hiyo. Hapo ndipo dawa ilipoanza kufika mashambani.

Hospice hiyo ilianzisha pia kazi maalum ya watoto. Taarifa iliyotolewa mwaka 2009 ilieleza mambo yaliyowasaidia. Hayakuwa makubwa: wauguzi waliofundishwa habari za watoto, dawa zisizolipiwa, chakula, michezo na masomo. Michezo, ndugu zangu! Mtoto mgonjwa bado ni mtoto. Akiondolewa maumivu, jambo la kwanza atakaloliomba ni kucheza.

5. Habari za kwetu Tanzania

Je, kwetu mambo yalikuwaje? Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwaka 1897. Hiyo ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo. Mwaka 1956, wakati wa Waingereza, ilifunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ikaja kuitwa Muhimbili. Nayo Ocean Road, ambayo zamani mtoto wa mkulima wa Rufiji asingelala humo, mwaka 1996 ilifanywa taasisi ya taifa ya saratani, nayo ni ya watu wote.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 hospitali ya Selian, Arusha, ilianza kuwatembelea nyumbani wagonjwa wasioponyeka. Mwaka 2001 kazi kama hiyo ilianza katika Hospitali Teule ya Muheza, mkoa wa Tanga. Ulikuwa wakati wa msiba mkubwa wa ukimwi, na watoto wengi waliugua. Mwaka 2004 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana Arusha wakaunda chama cha Afrika nzima cha tiba shufaa. Kwa upande wa watoto wenye saratani, kazi ilikua Ocean Road, kisha Muhimbili, na tangu mwaka 2011 shirika la Tumaini la Maisha limekuwa likisaidia kazi hiyo, ili jamaa maskini wasikatishe matibabu ya mtoto kwa kukosa fedha.

Mwaka 2014 mataifa yote katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani yalikubaliana kwamba tiba shufaa iwe sehemu ya huduma ya kila nchi. Lakini kukubaliana ni jambo moja, na chupa ya dawa kufika kijijini ni jambo jingine. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2015 watoto karibu milioni 2 na nusu walikufa duniani wakiwa katika mateso makubwa ya ugonjwa, na zaidi ya 98 katika kila 100 walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo au cha kati. Dawa za kuwatuliza zilikuwako duniani. Hazikuwafikia.

6. Faida kwa mtoto

Sasa tuulize: tiba hii humfanyia nini mtoto? Mwaka 2000 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa taarifa baada ya kuwahoji wazazi wa watoto 103 waliokufa kwa saratani. Wazazi 89 katika kila 100 walisema kwamba mtoto wao aliteseka sana katika mwezi wa mwisho. Basi hospitali katika nchi tajiri kabisa ilikuwa inatibu kwa nguvu, na bado mtoto aliumia. Madaktari hao hawakuificha taarifa yao. Waliimarisha tiba shufaa, na mwaka 2008 wakaandika tena: wazazi wa watoto waliokufa katika miaka ya baadaye walisema watoto wao waliteseka kidogo zaidi kwa maumivu na kwa kukosa pumzi, na wao wazazi walikuwa wamejiandaa zaidi.

Twajuaje maumivu ya mtoto asiyejua kueleza? Katika nchi nyingi za Afrika wauguzi hutumia mkono. Ngumi iliyofumbwa maana yake hakuna maumivu. Kidole kimoja, maumivu kidogo. Vidole vitano, maumivu yasiyovumilika. Mtoto huonyesha, mwuguzi huandika, dawa hupimwa kulingana na jibu. Na mtoto mchanga je? Hutazamwa uso, miguu na kilio chake, naye mama huulizwa. Mama siku hizi ni shahidi anayesikilizwa.

Si saratani peke yake. Fikirini ugonjwa wa seli mundu, ambao hushika mifupa ya mtoto kwa uchungu mkali na kurudi mara kwa mara. Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 hivi huzaliwa nao kila mwaka Tanzania. Wako pia watoto wenye magonjwa ya moyo, wenye virusi vya ukimwi, na wale ambao ubongo wao uliumia wakati wa kuzaliwa. Wengi wa hao wataishi miaka mingi. Tiba shufaa ni yao pia, ili miaka hiyo iwe na shule, marafiki na usingizi.

7. Faida kwa jamaa

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana watoto wanne, na mmoja amelazwa Dar es Salaam miezi mitatu. Ni msimu wa mpunga. Nani atakaa katika dungu kufukuza ndege na nguruwe? Baba ameuza mbuzi kwa ajili ya nauli. Binti mkubwa ameacha shule apike. Mdogo wake analia usiku na kukojoa kitandani, na hakuna aliyemweleza kaka yake yuko wapi. Majirani wameanza kunong'ona kwamba ugonjwa umetokana na uchawi wa upande wa mke. Ugonjwa ni wa mtoto mmoja, lakini nyumba nzima inaugua.

Kikundi cha tiba shufaa huitazama nyumba nzima. Mtumishi wa ustawi wa jamii hutafuta njia ya nauli na chakula. Mwuguzi huwaelezea baba na mama pamoja, ili pasiwe na mwenye kulaumiwa. Ndugu za mgonjwa huambiwa kweli kwa maneno yanayolingana na umri wao, na huambiwa kwamba hawakusababisha ugonjwa. Shehe au padri huitwa kama jamaa wanamtaka. Na mtoto akifa, watu hao hawatoweki siku ya mazishi. Hurudi baada ya majuma kadhaa kuuliza, "Mama, unalalaje?"

Katika tiba hii huzuni haiondoki. Hakuna dawa ya kuondoa huzuni ya mzazi aliyezika. Kinachopungua ni majuto, na majuto ni mzigo wa pili juu ya huzuni.

8. Hofu tatu

Ziko hofu tatu ambazo huwazuia wazazi.

Hofu ya kwanza: "Wakitaja tiba shufaa, wamemkatia tamaa mwanangu." Tumekwisha kuona kwamba huanza siku ugonjwa unapotambuliwa na huenda pamoja na matibabu. Watoto wengine huipata, hupona, na hurudi shuleni.

Hofu ya pili: "Mofini ni dawa ya kulevya, itamharibu mtoto." Mtoto mwenye maumivu makali, akipewa kipimo sahihi kilichoandikwa na mtaalamu, hutulia, hageuki mlevi. Kama dawa nyingine ina taabu zake, kama choo kigumu na usingizi siku za kwanza, na mwuguzi hufundisha la kufanya. Lakini shikeni hili: chupa ya mtoto mmoja isipewe mwingine, kipimo kisiongezwe bila ruhusa, na iwekwe mbali na watoto.

Hofu ya tatu: "Mtoto asiambiwe kitu." Mwaka 2004 wataalamu wa Sweden walitoa majibu ya wazazi 429 waliofiwa na mtoto kwa saratani. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto wao juu ya kifo. Hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta. Desturi za Sweden si desturi zetu, na kila mzazi anamjua mwanawe. Lakini mtoto mgonjwa husikia minong'ono ya ukumbini, huona macho ya mama. Tusipomwambia lolote, hubaki na hofu yake peke yake, naye huinyamazia ili asituhuzunishe. Si lazima mzazi aanze kwa maneno makubwa. Yafaa amwulize mtoto, "Wewe wafikiri nini juu ya ugonjwa wako?" kisha anyamaze asikilize.

9. Utete na siku zijazo

Wilaya yetu ina sifa ambayo wengi wetu hatuijui. Kuanzia mwaka 1997, Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la Canada walifanya mpango katika wilaya mbili, Morogoro Vijijini na Rufiji. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa na kwa nini. Wakaona kwamba malaria iliua sana, lakini fedha zilizotengwa kwa malaria zilikuwa kidogo. Wakuu wa afya wa wilaya wakabadilisha matumizi yafuate shida zilizopo. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya 40 katika 100. Nchi nyingine zilisoma habari za Rufiji.

Fundisho lake ni hili: shida isiyohesabiwa haitengewi fedha. Kifo cha mtoto kimehesabiwa. Maumivu ya mtoto bado hayahesabiwi ipasavyo. Mtoto aliyelia miezi miwili katika kijiji cha delta, ambako mtu hupanda mtumbwi kabla ya kupanda gari, haonekani katika daftari lolote mpaka afe. Njia yetu pia ni ndefu: kutoka Utete hadi Nyamwage, kisha daraja la Mkapa, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, ndipo Dar es Salaam. Daraja lile lililofunguliwa mwaka 2003 limetuondolea kungoja kivuko, lakini mafuriko ya mwaka 2024 yalitukumbusha kwamba Rufiji bado ni Rufiji.

Kwa hiyo haitoshi nyumba nzuri kuwako Dar es Salaam. Historia ya Uganda imetuonyesha kwamba tiba hii hufika kijijini mwuguzi wa karibu anapofundishwa na anaporuhusiwa, na dawa inapokuwako. Basi mnapokwenda hospitali ya wilaya au zahanati, ulizeni bila haya: Je, yuko aliyefundishwa tiba shufaa? Je, dawa ya maumivu makali hupatikana wapi karibu nasi? Mtoto akirudi kutoka Muhimbili, nani hapa atapewa barua yake? Katika mkutano wa kijiji ulizeni pia. Swali likiulizwa na watu wengi huingia katika daftari.

Na nyumbani, kazi ya zamani ya Warufiji bado ipo. Jirani aweza kukaa katika dungu la mama aliyeko hospitalini. Darasa hili laweza kuchanga nauli. Bibi aweza kumchukua mdogo wa mgonjwa na kumweleza kweli. Mambo hayo hayahitaji shahada. Daktari Saunders alirudi shuleni kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyemsikiliza. Ninyi mmekwisha kuwa shuleni. Anzeni na kusikiliza.

Huu ndio mwisho wa somo letu. Kwaherini.

Maneno ya somo

Kuuguza: kumtunza mgonjwa.
Tiba shufaa: utunzaji wa mgonjwa mwenye ugonjwa mzito na jamaa yake, pamoja na kuondoa maumivu.
Mofini: dawa ya maumivu makali, hutolewa kwa maandishi ya mtaalamu tu.
Seli mundu: ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao.
Majuto: uchungu wa moyo kwa jambo ulilolifanya au uliloliacha.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Kuna tofauti gani kati ya kutibu, kuponya na kuuguza?
2. Cicely Saunders alisema maumivu ni ya namna nne. Zitajeni, na kila mmoja atoe mfano.
3. Uganda ilifanya nini mwaka 2004, na kwa nini jambo hilo liliwafaa watu wa vijijini?
4. Katika mfano wa mama mwenye watoto wanne, majirani wangeweza kufanya nini badala ya kunong'ona?
5. Mngependa kumwuliza nini mganga mkuu wa wilaya? Andikeni maswali matatu kwa herufi kubwa, mwalimu ayasahihishe, kisha mteue watu wawili wayapeleke.